Utando wa Pampu na Kibuyu cha Koko

Siku nilipokabidhi funguo za karakana, vijana wawili niliowaacha pale hospitalini Handeni walilikagua sanduku langu la vifaa utadhani askari wa getini. Hawakujali bisibisi wala koleo. Walichotaka kujua ni kwa nini fundi mzima wa vifaa tiba, aliyetengeneza vitanda, jenereta na mashine za kuchemshia vyombo vya upasuaji kwa zaidi ya miaka thelathini, ametunza ndani ya kopo la kakao kipande cha mpira kilichoungua, kidogo kuliko kifungo cha koti. Nikawaambia ni habari ndefu. Wakasema, basi iandike mzee, sasa muda unao. Ni kweli muda ninao. Mke wangu anasema ninao kupita kiasi, maana tangu nistaafu nimeshaifungua redio yake mara mbili na haikuwa mbovu.

Kwa hiyo ninaandika. Sitaeleza nilipanda cheo lini, kwa sababu mambo hayo yako kwenye faili na faili lenyewe halina msomaji. Nitawaeleza habari za pampu ya kukamulia maziwa ya mama, kile kimashine ambacho mafundi wengi wanaume wakiletewa hukisogeza mwisho wa meza, wakikohoa. Mimi pia nilikohoa. Mtaona yaliyonipata.

Nilishuka kutoka Mpale nikiwa kijana wa milimani, nimevaa sweta zito, nikaingia hospitali moja ya Korogwe kwenye joto lile, na kabla ya saa nne asubuhi sweta lilikuwa limelowa. Aliyenipokea ni Mzee Mhina, fundi mkuu, Mzigua mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Sikuruhusiwa kushika kitu siku hiyo. Aliniketisha kwenye kigoda mbele ya mashine ya kuchemshia vyombo, akaniambia nisikilize. Nikasikiliza saa nzima. Aliporudi akaniuliza nimesikia nini, nikasema nimesikia mvuke. Akaniambia nikae saa nyingine. Mara ya pili nikasikia kwamba katikati ya mvuke kulikuwa na mluzi mwembamba, na kumbe huo mluzi ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe, wosha iliyolika, kile kipete cha kuzuia mvuke.

"Kijana, mashine husema kabla haijafa," aliniambia. "Shida ni kwamba mafundi nao wanasema."

Mzee Mhina alikuwa na sheria nyingine iliyomkosanisha na kila mtunza stoo. Hakutupa kitu. Kila mashine iliyokufa aliifungia lebo ya kadi, na kwenye kadi aliandika imekufa kwa nini, nani aliifungua mara ya mwisho, na ndani yake kuna kiungo gani bado kizima. Alisema mashine mbili zilizokufa zikikutana na fundi mvumilivu hutoka moja iliyo hai. Watunza stoo walisema stoo si makaburi. Mzee Mhina alistaafu ugomvi ukiwa haujaisha, akaniachia mimi kadi, uzi na ugomvi.

Miaka ikapita kwa jenereta na vitanda. Kisha pale Korogwe ikatengwa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya mwezi wao, na wageni waliotutembelea wakatuachia pampu ya umeme. Msimamizi wa wodi alikuwa Sista Mwanaidi, mwenyeji wa Magoma, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo ilisikika kwa sababu wengine wote walinyamaza alipoanza. Aliniita akanifundisha kama mwanafunzi. Mtoto njiti hana nguvu ya kunyonya, akasema. Maziwa hupelekwa tumboni kwa mpira mwembamba, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Akina mama wengi hukamua kwa mkono kwenye kikombe, na mkono ndiyo pampu ya kwanza, haina kipuri wala umeme. Mashine ni ya yule ambaye mkono wake umeshindwa, au maziwa yanagoma. Nilikuwa naitikia huku nikitazama dari. Akaniambia dari ni nzima, nitazame mezani.

Nikatazama mezani. Kuna faneli inayokaa kwenye titi. Chini ya faneli kuna shingo, chini ya shingo kuna vali, na mdomoni mwa vali kuna utando mdogo mweupe wa mpira laini. Mota ikivuta, utando hujifunga. Ikiachia, hufunguka na maziwa yakadondoka kwenye chupa. Mrija mmoja unaunganisha faneli na mota. Hayo tu. Ukivielewa hivyo vitu saba umeielewa pampu, na asiyevielewa atahangaika na mota mpaka jua lizame.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa namna ya kupima. Kiganja cha fundi ni kigumu, hakijui kama kinavutwa kwa nguvu au kwa upole. Nikaona ngozi laini niliyo nayo ni ya shavu. Nikaweka faneli shavuni, nikawasha, nikaridhika, nikaenda nyumbani na duara jekundu usoni. Mke wangu aliuliza. Nikamweleza ukweli wote, kwamba ni pampu ya kazini. Akasema siku moja nimlete huyo Pampu nyumbani amwone. Lakini njia ilikuwa nzuri na sikuiacha mpaka nastaafu.

Sasa niwaambie nilivyoiua pampu ile. Siku moja ikapoteza nguvu, inalia vizuri lakini haivuti. Sista Mwanaidi aliniambia nianze na utando. Nikamjibu kwamba haya mambo atuachie wataalamu. Nikaifungua mota. Nilikaa nayo siku mbili, skrubu nimezipanga kwenye sahani ya chai, na nilipoirudisha nikaunga waya mahali pasipo pake. Ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza moja kwa moja. Sista alikuja, hata hakuitazama mota. Akachomoa vali kwenye faneli, akauinua ule utando dirishani, tukaona mwanga unapita kwenye ufa mwembamba kama unywele.

"Fundi, hiki ndicho kilichokuwa kibovu," alisema.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikachukua kadi kwa sheria ya Mzee Mhina, nikaandika kwamba mota imeungua, halafu nikamwuliza Sista kama kuna ulazima wa kuandika aliyeiunguza. Akasema mficha uchi hazai. Nikaandika jina langu, Shekalaghe, kwa herufi kubwa, nikaitumbukiza pampu na kila kilichokuwamo kwenye boksi lake, nikalisukuma boksi chini kabisa ya rafu ya mwisho stoo, na sikutaka kuliona tena. Wodi ikakaa bila pampu kwa muda mrefu, na kila nilipopita pale niliona aibu.

Baadaye Sista Mwanaidi alihamishiwa Handeni, na mwaka uliofuata nami nikahamishiwa huko. Nilipoingia getini akasema nimemfuata nimalizie pampu iliyobaki. Kweli ilikuwapo moja, aina ileile, na seti mbili za faneli na vali. Handeni ni kukavu na maji ya kisima yana chumvi, kwa hiyo kila kitu unachochemsha kinatoka na ukoko mweupe. Ukoko ukikaa kwenye utando, utando unakakamaa, unainua ukingo, na mvuto unakwisha. Tulijifunza kuloweka vipande kwenye maji ya ndimu mara moja kwa wiki, na kusuuza kwa maji ya mvua tuliyokinga. Hakuna kitabu kilichotufundisha.

Mengine yashikeni hivi. Vipande vioshwe mara tu baada ya kukamua, na kwanza kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto huyaivisha maziwa na kuyagandisha kwenye kona. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, kwenye beseni lake peke yake, siyo sinki ambalo mtu ametoka kuoshea sufuria ya maharage. Kisha vichemshwe. Utando usiusugue kwa brashi, ni vidole tu. Mrija usiuchemshe, na ukiona una matone ndani, iache mota ivutie humo hewa kavu mpaka ukauke, maana maji yakifika kwenye mota mtaniita, na mimi sasa nimestaafu. Ukiona ukungu mweusi ndani ya mrija, tupa huo mrija bila kuuonea huruma. Na kabla hujaigusa mota, inua utando dirishani.

Niliwahi pia kukata utando kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, vipuri vilipochelewa. Ulivuta ajabu. Nilimwita Sista kwa majivuno. Aliunusa, akanionyesha unavyoacha vumbi jeusi kwenye kidole chake, akautia kwenye mfuko wa shati langu akaniambia nikaendeshe baiskeli.

Sasa nifike kwenye kopo la kakao. Miaka saba iliyopita aliletwa mama kijana kutoka bomani, huko nyanda kavu za wafugaji. Jina lake Nashipai. Alikuwa anakamua ng'ombe mkorofi, akapigwa teke, akaangukia mkono wa kulia ukavunjika, na kesho yake uchungu ukaanza kabla ya wakati. Alijifungua mtoto wa kike wa kilo moja na robo. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, wa kushoto umechomekwa dripu na umevimba. Aliyekuja naye ni mama mkwe wake, bibi mrefu mwenye shanga mpaka kwenye masikio, ambaye alikataa benchi na kukaa sakafuni kando ya kitanda. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Kila mtu alimwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao, na mimi nikamwita hivyohivyo.

Siku ya kwanza Sista Mwanaidi alimkamulia Nashipai kwa mkono wake mwenyewe. Lakini wodi ilikuwa na akina mama kumi na mmoja na yeye alikuwa mmoja. Ikabidi pampu ifanye kazi. Ilifanya vizuri, mtoto akapata maziwa yake kila baada ya saa mbili, na Koko akaikodolea macho. Alimtuma mkwewe aniulize inakula nini. Nikasema umeme. Akauliza umeme ukikatika inakula nini.

Siku ya tatu nikaamua kumfundisha Koko kuosha vipande, kwa kuwa Nashipai hakuwa na mkono. Nilitaka kuonyesha kwamba najua kuzungumza na watu. Badala ya kutoa maelezo marefu ya sabuni na maji, nilishika faneli nikamwambia Nashipai, "Mwambie Koko hiki ni chombo cha maziwa. Akitunze kama mnavyotunza chombo cha maziwa cha kwenu." Nashipai akatafsiri taratibu. Koko akaitikia kwa uzito, akazipokea seti zote mbili kwa mikono miwili. Nikatoka nimevimba kichwa. Nikamwambia Sista kwamba kazi ni kumwingia mtu kwa mambo yake mwenyewe. Akasema, haya.

Kesho yake asubuhi wodi ilinuka moshi. Nikakimbia kwenye soketi nikidhani ni waya. Waya ulikuwa mzima. Ndipo Koko akaingia kutoka kule nje wanakopikia ndugu wa wagonjwa, amebeba beseni lililofunikwa kitambaa safi, uso umetulia. Akafunua. Faneli moja ilikuwa imepinda ukingo, ya pili ni nyeusi ndani lakini nzima. Nikachomoa vali. Tando zote mbili zilikuwa zimekunjamana na kupasuka.

"Nani ameweka moto humu?" niliuliza, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko wodi ya watoto inavyostahimili.

Nashipai akajiinua kitandani, akaongea na mama mkwe wake, kisha akanigeukia bila hasira. Alieleza kwamba kwao kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unachukua kijinga cha moto, unakiingiza ndani, unasugua mpaka moshi ushike, unapangusa majivu, na hapo maziwa hayaharibiki wala hayaumizi tumbo la mtoto. Chombo kilichooshwa kwa maji matupu wao hukihesabu kichafu.

"Koko anasema ulimwambia afanye kama kwetu," alisema. "Amefanya kama kwetu. Kuni za jikoni hazifai, amekwenda mpaka nyuma ya ukuta kutafuta mti wenyewe."

Bibi yule alikuwa ametii kila neno nililotamka, na amefanya zaidi ya nilichoomba, na mimi nimempigia kelele mbele ya watu. Sista Mwanaidi alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Halafu akatazama saa ya ukutani, kicheko kikakatika. Maziwa yaliyobaki kwenye kikombe yalitosha zamu moja ya kumlisha. Kipuri cha utando hatukuwa nacho hata kimoja. Maziwa ya Nashipai yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kushuka, na yasipotolewa kila mara yangekauka. Maziwa ya kopo yanayomfaa mtoto mdogo vile hatukuwa nayo, na tumbo lake lisingevumilia mengine. Mtoto alikuwa amelala na kofia ya sufu, mkono wake mdogo kuliko kidole changu gumba, na hakujua kama mafundi wapo duniani.

Nikataja mpira wa baiskeli. Sista akanitazama tu, nikaliondoa wazo hilo.

"Na ile ya Korogwe?" akauliza.

Nikajifanya kufikiri. Akasema, ile yenye jina lako. Akanikumbusha kwamba ilikuja na kifuko cha nailoni cha vipuri, na kwamba siku ile ya kuunguza mota nilikitumbukiza humohumo kwa hasira bila kukifungua. Miaka yote hiyo sikukumbuka, kwa sababu sikutaka kukumbuka.

Bodaboda ikanifikisha stendi, na kabla ya saa sita nilikuwa Korogwe. Mtunza stoo alikuwa mgeni kwangu. Alikuwa ameagizwa mara tatu aisafishe ile stoo na kuchoma visivyofaa, na mara zote tatu aliahirisha. Mpaka leo nauombea dua uvivu wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama nikiwa na kiuno cha miaka hamsini na kitu, nikapita chini ya viti vya magurudumu na vyandarua vilivyochanika, mpaka nikaona boksi. Kadi bado ilikuwa inasomeka. Ndani, pampu iliyokufa, faneli mbili nzima, na chini kabisa kifuko cha nailoni kilichofungwa, tando nne nyeupe ndani yake. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, machozi yananitoka. Mtunza stoo akachukua kadi, akasoma, akauliza huyu Shekalaghe aliyeunguza mota ni nani. Nikamwambia ni jamaa niliyefanya naye kazi, siku hizi ana nafuu.

Nilirudi Handeni alasiri nikaingia wodini mbio, kifuko nimekiinua juu. Hakuna aliyegeuka. Akina mama wote walikuwa wamekizunguka kitanda cha Nashipai, kwa hiyo nikasimama mlangoni nikitazama dari, kama zamani. Sista akaniita niingie, kwamba wamemaliza. Kumbe nilipoondoka tu alimpigisha Koko magoti kando ya kitanda, akamwosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaiweka mikono yake juu ya mikono ya bibi. Koko alikuwa amekamua ng'ombe tangu utotoni, lakini ng'ombe huvutwa, na titi la mama halivutwi. Unasukuma nyuma kuelekea mbavuni, unabana, unaachia. Ilimchukua muda mfupi kusahau ng'ombe. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini wimbo anaowaimbia ng'ombe wakati wa kukamua, na Nashipai alikuwa anacheka, na kikombe kilikuwa na maziwa ya zamu mbili. Tone kwa tone, haba na haba.

Koko akaniona. Akasema neno, Nashipai akatafsiri kwamba anauliza kama chombo changu kimepona.

Nikasema kimepona. Nikaosha vipande mbele yao, nikavichemsha, nikaulowesha utando mpya na kuubana kwa kidole mpaka ukingo ukalala pande zote. Nikaweka faneli shavuni, nikawasha. Pampu ikavuta, ikaachia, ikavuta, ile sauti yake ya chwii, chwii, na mimi nikageuka kuwaonyesha duara jekundu. Wodi nzima ikacheka. Faneli ile nikaichemsha tena, maana Sista alisema shavu langu halijawahi kuchemshwa. Kisha nikavua kofia nikamwambia Koko kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba yeye alifuata nilichosema, na kwamba nasikitika kwa kelele zile. Alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Akajibu kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Moto mzuri. Chombo chako ndiyo dhaifu."

Tangu siku hiyo vipande vya pampu vikawa mikononi mwa Koko. Alivipanga kwenye kitambaa cheupe, akavihesabu kwa vidole, na hakuna aliyetoka wodini na hata kifuniko. Mama mgeni akifika alimfundisha kwa maneno machache, baridi, sabuni, chemsha, acha ikauke, usiguse. Kwa miaka yangu yote sijaona msimamizi wa vifaa kama yule. Pampu ilipopumzika, mikono yake ilifanya kazi, na mikono ilipochoka, pampu ilifanya. Mtoto akawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akapanda gramu kwa gramu. Wiki ya sita nikaitwa wodini, nikadhani kuna ubovu. Sista akanionyesha mtoto amelishika titi mwenyewe, ananyonya, anapumzika, ananyonya. Sikutazama dari. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na niliwaambia hivyo. Walimwita Nasieku, yaani aliyefika mapema kwa lugha yao. Nami nikaomba kile kipande cha utando kilichoungua, nikakitia kwenye kopo.

Wiki yangu ya mwisho kazini walikuja karakana, Koko na Nasieku amevaa sare za shule. Mtoto akainamisha kichwa mbele yangu, kama wanavyofanya kwao, nami nikamgusa utosini. Kilikuwa kichwa kigumu, cha mtoto mwenye afya. Koko alinipa kibuyu cha maziwa chenye shanga na mfuniko wa ngozi, akasema kupitia kwa mjukuu wake kwamba hiki ni chombo cha maziwa, nikitunze kama wanavyotunza wao. Akanionyesha kijinga kinavyoingia na kusugua. Nikaapa nimeelewa.

Nilifuata masharti karibu miezi miwili. Nyumba ilinuka moshi, mke wangu alilalamika, na maziwa yalikuwa matamu. Halafu asubuhi moja, kwa mazoea ya miaka thelathini, mikono yangu ilifanya kazi bila kuniuliza. Nilipozinduka kibuyu kilikuwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na povu, nakisuuza vizuri kabisa. Maziwa ya siku ile yalikuwa na ladha ya sabuni ya kufulia, na mfuniko wa ngozi ulikakamaa ukapasuka ukingo. Kipuri chake hakuna fundi mjini anacho. Ikabidi nipande bodaboda mpaka bomani.

Koko alikipokea kwa mikono miwili. Akauinua mfuniko kwenye mwanga, akaona ufa. Akaingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu, akavuta pumzi, akaniangalia muda mrefu, kisha akamwambia Nasieku jambo. Nasieku, aliyeng'oka meno mawili ya mbele, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa.

"Babu, Koko anauliza, nani ameweka sabuni humu?"

Nikasema ni mimi. Nasieku akatafsiri, akaanza kucheka kabla hajamaliza, na Koko akaenda jikoni kwake, akarudi na kijinga cha moto, akanitia mkononi nianze upya.